Ngozi ya Dubu na Ng'ombe Watano

Mwanangu wa kiume ni mwalimu wa hesabu, na mshahara wa mwalimu hapa Bukavu kila mtu anajua ulivyo. Kwa hiyo Jumamosi mchana huigeuza sebule yangu ya Cimpunda kuwa darasa la pili. Watu watatu au wanne wanakuja na simu zao, wanakaa kwenye viti vyangu, naye anawafundisha kununua na kuuza hisa za makampuni ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyaona malango yake. Mimi hukaa chumbani, mlango wazi, nikijifanya nasoma kitabu cha sala. Sisomi. Nasikiliza, na hasira inanipanda.

Mwaka juzi, msimu wa mvua ulipokuwa unaanza, alichora kwa chaki, nyuma ya mlango wa kabati la marehemu mama yake, mstari unaoshuka, unapanda kidogo, kisha unashuka tena.

“Hii njo soko ya dubu,” aliwaambia. “Juu ya nini dubu? Dubu akipigana, anainua mukono, anashusha makucha kutoka juu mpaka chini. Bei nayo inafanya vile vile. Mumeshika?”

“Tumeshika, mwalimu.”

“Hapana,” nilisema kutoka chumbani. “Hiyo ni uongo.”

Nilitoka na kitabu changu mkononi. Walikuwa watatu siku hiyo: msichana mmoja muuza vitenge, kijana wa ofisi, na motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, ambaye hakuvua hata koti lake la mvua. Mwanangu alishusha chaki.

“Papa, njo vile banafundisha ku formation yetu ya hisa.”

“Basi waliokufundisha nao walifundishwa na wavivu. Makucha yalikuja baadaye, kwa watu wanaopenda picha. Neno lenyewe linatokana na ngozi.”

Nikawaeleza, nikiwa nimesimama, kama nilivyoelezwa na padri mmoja mnene aliyetufundisha somo la biashara nilipokuwa mwaka wa tano wa sekondari. Katika nchi za baridi watu walikuwa wakitaka ngozi za dubu. Mfanyabiashara wa mjini alikutana na mteja, akamuuzia ngozi leo, kwa bei ya leo, wakati ngozi yenyewe hana. Dubu bado yuko msituni anakula asali yake, hajui kwamba ameshauzwa. Mfanyabiashara alikuwa akiombea jambo moja tu: siku ya kukabidhi mzigo ikifika, wawindaji wawe wameleta ngozi nyingi na bei iwe imeanguka, ili anunue kwa bei ndogo kitu alichokwisha kukiuza kwa bei kubwa. Watu wa namna hiyo waliitwa wauza ngozi za dubu, kisha kwa kifupi wakaitwa dubu. Ndiyo maana hata leo katika masoko ya hisa anayeuza asicho nacho, akiombea bei ishuke, huitwa dubu, na soko linaloshuka huitwa la dubu. Na methali ya Kifaransa, ambayo kila mtoto wa shule hapa kwetu amechapwa mpaka akaijua, ilikuwapo hata kabla ya masoko hayo: usiuze ngozi ya dubu kabla hujamuua.

“Muzee,” motari alisema, “ku pori ya Kahuzi tuko na gorille tu, na ngozi yake ukiuza, unalala ku buloko ya polisi.”

Walicheka. Hata mimi nilitaka kucheka. Lakini motari yule hakuwa mjinga. Alifikiri kidogo, akauliza tena.

“Sasa bei ikipanda mbele hajanunua ile ngozi?”

“Anaumia.”

“Nani anaumia?”

“Mwenye kuuza. Nani mwingine?”

Mwanangu alikuwa akifuta chaki kwenye vidole. Hakuniangalia.

“Haiko kila mara, Papa,” alisema.

Wale wageni watatu hawakuelewa. Mimi nilielewa. Nilirudi chumbani, nikafunga mlango.

Walipoondoka, alikuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Alisema Yaya, jina tunalomwitia ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume, yaani dada yake anayeishi Sange, amepiga simu. Binti yake, mjukuu wangu, yule aliyekuwa akisomea uuguzi, ameonwa na kijana wa Nguba, mtaa wa wenye pesa hapa Bukavu. Ukoo wa kijana unataka kuja kujitambulisha na kuzungumzia mahari. Na kwa kuwa mahari ya Yaya mwenyewe haikumalizika, kwa desturi yetu ya Bushi mtoto wake si wa ukoo wa baba yake. Ni wa kwetu. Anayepaswa kukaa kwenye kiti siku hiyo, kupokea wageni na kutoa neno la mwisho, ni mimi.

“Yaya anauliza kama utaweza,” alisema.

“Kuweza nini?”

“Hajasema. Aliuliza tu, ataweza?”

Niandike sasa jambo ambalo watoto wangu wanalijua na wajukuu hawalijui. Nimechoka kusikia watu wakiniita muzee wa hekima kwa sababu tu nina mvi.

Binti yangu alikuwa na miaka ishirini wakati ukoo mmoja wa upande wa Kabare ulipokuja kumuomba. Ilikuwa miaka mibaya. Vita vilikuwa vimepita milimani na kula mifugo, na ng'ombe alikuwa adimu kuliko daktari. Hata hivyo baba wa yule bwana aliyetaka kumuoa alisema ng'ombe watano, na alisema bila kubishana. Tulikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, tukapeana mikono. Hakuna ng'ombe aliyeletwa siku hiyo. Wote watano walikuwa kilimani kwao, wanakula majani ya wenyewe.

Jua halijazama, nilikuwa nimeshawagawa. Wa kwanza nilimpa mdogo wangu, ambaye alikuwa anatafuta mke na hana kitu. Ni desturi, ng'ombe wa binti humlipia mahari kijana wa ukoo. Wa pili niliahidi kuwa kalinzi, yaani ng'ombe anayepewa mwenye kilima ili akukatie shamba la kudumu. Nilitaka shamba la migomba la uzeeni. Wa tatu nilimpa mjomba wangu, ambaye alikuwa ananisengenya kwamba nimesoma nikasahau watu. Wa nne nilimpa mama mkwe. Wa tano nilimweka awe wangu, na nilimpa hata jina. Ng'ombe ambaye sikuwahi kumwona rangi, nilimpa jina.

Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Aliniuliza, “Unagawa mali ya nani?” Nilimwambia mambo ya ng'ombe si ya jikoni.

Sikukosa kwa ujinga, na hilo ndilo linanichoma. Mtu asiyesoma akikosa, unaweza kumhurumia. Mimi nilikuwa na cheti cha sekondari, sehemu ya biashara. Kwenye mtihani wa yule padri mnene swali la tatu lilikuwa: eleza kuuza kitu usicho nacho, na hatari yake. Niliandika ukurasa mzima. Padri alisoma jibu langu mbele ya darasa. Ukurasa ule nilikuwa nauweka pamoja na vyeti vya ubatizo, na bado nilifanya nilivyofanya.

Wiki tatu baadaye, kabla hata kwato moja haijafika Cimpunda, binti yangu alinifuata uani. Nilikuwa nashona kiatu. Alipiga magoti, jambo ambalo sisi hatukuwa na desturi ya kulifanya nyumbani kwetu, na lilinikera.

“Papa, yule bwana eko na bibi ku Sange. Na batoto babili.”

“Nani amekuambia?”

“Yeye mwenyewe, ule bibi. Alikuja ku soko kunitafuta. Hakunitukana. Alisema tu nijue.”

“Wivu wa wanawake.”

“Papa, ng'ombe bado hawajakuja. Tukikataa leo, haturudishe kitu. Hatuna deni na mutu.”

Alikuwa amesema kweli yote, kwa maneno machache, bora kuliko ukurasa wangu wa mtihani. Ng'ombe walikuwa bado hawajaja. Mlango ulikuwa wazi. Lakini kichwani mwangu ng'ombe wale walikuwa wameshatembea. Mdogo wangu alikuwa ameshapeleka neno kwa wakwe zake. Mwenye kilima alikuwa ameshanionyesha mpaka wa shamba, na nilikuwa nimeshapima kwa hatua mahali pa kupanda mgomba wa kwanza. Mjomba alikuwa ananisifu misibani. Ningesimama mbele yao wote niseme nini? Kwamba niliwapa hewa?

“Ng'ombe wameshaanza njia,” nilimwambia.

“Njia gani, Papa?”

“Usinijibu.”

Alisimama, akapangusa magoti, akaingia ndani. Aliolewa msimu wa kiangazi.

Walikuja ng'ombe wawili tu. Mmoja alikwenda kwa wakwe wa mdogo wangu, mwingine kwa mwenye kilima. Watatu waliobaki walichukuliwa na watu wenye bunduki, pamoja na zizi zima la baba wa yule bwana, na hakuna aliyewahi kujua walichinjwa wapi. Mjomba hakupata kitu na alikufa akinilaani. Mama mkwe hakusema neno. Yule ng'ombe wangu mwenye jina sijui kama aliwahi hata kuwepo.

Halafu, baada ya mwaka na nusu, binti yangu alirudi. Mvua ilikuwa inanyesha kama inavyojua kunyesha Cimpunda, maji mekundu yanashuka katikati ya nyumba na kubeba masufuria ya watu. Alisimama mlangoni, mtoto mgongoni chini ya kitenge. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa kuvimba.

Kwa desturi, binti akirudi kwa baba na baba akimpokea, ng'ombe hurudi. Nilikuwa sina ng'ombe wa kurudisha. Mmoja alikuwa tayari mke wa mdogo wangu, na mke huyo alikuwa na mimba. Mwingine alikuwa tayari migomba. Nilisimama mlangoni mwangu nikipiga hesabu hiyo, na mvua inamwingia mtoto masikioni, na mke wangu nyuma yangu anasema, “Mupishe aingie. Mupishe.”

Nilimwambia binti yangu arudi kwa mume wake.

Sitaandika kwamba nilifanya hivyo kwa uchungu. Nilifanya kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, kana kwamba ndiye aliyekuwa amegawa. Nimekaa na kumbukumbu hii miaka mingi na sijaona mahali pa kuipunguzia uzito. Desturi haikunisukuma, na wala si vita. Ningeweza kwenda kwa mdogo wangu na kusema, tukakope ng'ombe. Ningeweza kurudisha shamba. Shamba lilikuwa na migomba kumi na minne. Nilipima mtoto wangu na migomba kumi na minne.

Hakurudi kwa mume. Alipanda lori la chumvi na kushuka mteremko wa Ngomo mpaka bondeni, mpaka Sange, kwa mtu pekee ambaye hakuwahi kumdanganya: yule mwanamke mwingine. Mwanamke yule alimfungulia. Bwana alipokuja kuwafuata aliwakuta wawili mlangoni, mmoja na mwiko wa kupikia ugali, mwingine na panga, akaondoka, na hakurudi tena. Tangu siku ile wameishi pamoja, wanalima mpunga na kuuza mchele, na watoto wao watatu wamekua wakiwaita wote wawili maman.

Mke wangu alikuwa anakwenda Sange kila mwaka. Aliniaga kwamba anakwenda hija. Alikuwa anarudi na mfuko wa mchele, na mimi nilikula. Nilijua mchele ule unatoka wapi, maana hakuna hija inayogawa mchele. Nilikula, nikanyamaza, nikaomba kuongezewa. Alipokufa, binti yangu alikuja kanisani na makaburini. Nyumbani hakuingia. Tulisalimiana mbele ya watu, “Papa,” “Mwanangu,” basi. Kwa simu alikuwa ananitakia Noeli njema. Hakuwahi kunikosea adabu hata mara moja, na ningependa angenikosea.

Kwa hiyo alipouliza kama nitaweza, nilijua anauliza nini.

Nilitaka wageni waje Cimpunda, kwa kuwa ndiyo heshima: ukoo wa bwana huenda kwenye nyumba ya mzee. Mwanangu alimpigia simu dada yake mbele yangu, akaweka sauti juu.

“Papa anasema baje huku.”

“Ambia Papa asante. Batakuja hapa.”

“Yaya, ni batu ya Nguba. Bako na viatu ya kung'aa. Utabashusha Ngomo?”

“Bakimupenda mutoto wangu batashuka. Bakichafuka viatu, tuko na maji.”

Tulishuka siku tatu kabla ya wageni, kwa teksi, mimi, mwanangu, na mdogo wangu. Sikutaka mdogo wangu aje. Lakini bila yeye kiti cha ukoo hakikamiliki, na yeye analijua hilo. Amenenepa, mke wake amezaa saba. Hatukuwa tumefika Nyangezi akaanza.

“Batu ya Nguba hawawezi kutoa chini ya munane,” alisema. “Leo wanatoa kwa dola, lakini hesabu ni ya ng'ombe. Moja ni yangu, hiyo haina hata kusema, mimi njo tonton mukubwa, baba mudogo wa mama yake. Moja ya mutoto wangu wa tatu, anataka kuoa. Tuko na bati ya kanisa...”

“Nyamaza,” nilisema.

“Ninasema tu, yaya. Kupanga si zambi.”

“Nyamaza, nimesema. Umewaona?”

“Akina nani?”

“Ng'ombe hao. Umewaona?”

Alinitazama kama mtu anayetazama mzee aliyeanza kupotea. Dereva alipunguza muziki ili asikie vizuri. Nilikuwa nimekasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba sauti aliyokuwa anaongea nayo, ile sauti ya mtu mkarimu anayegawa, ilikuwa yangu. Niliitambua. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Sange ni joto. Mtu wa Bukavu akishuka kule anavua sweta na anaanza kunung'unika. Nyumba yao ni ya matofali ya kuchoma, uani kuna maturubai mawili ya mpunga unaokauka, na yule mwanamke mwingine alikuwa anaugeuza kwa miguu, akitembea juu yake taratibu kama mtu anayeoga ziwani. Ni mrefu, ana pengo la jino. Sikuwahi kumwona.

“Karibu, Papa wa ng'ombe,” alisema.

Mwanangu alikohoa. Binti yangu alitoka ndani, akafuta mikono, akanisalimia kwa mikono miwili kama inavyopasa. Amepata mvi. Sikuwa nimejiandaa kwa mvi zake.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno mazuri, ya mtu aliyesoma. Yote yalinitoka. Nilisema, nikiwa nimesimama, mbele ya yule mwanamke na ya mdogo wangu na ya dereva aliyekuwa bado anashusha mizigo:

“Nilikutoa kwa ng'ombe ambao sikuwa nimewaona. Uliponiambia ukweli, ulikuwa na haki. Uliporudi, nilikuwa na nafasi ndani ya nyumba. Nilikufukuza kwa sababu ya migomba.”

Mdogo wangu aliinamisha kichwa akitazama viatu vyake. Yule mwanamke mwingine alisimama katikati ya mpunga.

Binti yangu hakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Nimesikia, Papa,” alisema. “Miaka hii yote nilijua kwamba unajua. Sasa nimesikia na masikio.”

Nikasubiri anisamehe. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilisimama pale nikisubiri, kama mtu aliyeleta mzigo na anataka stakabadhi. Hakutoa.

“Siku ya wageni,” alisema, “utakaa ku kiti. Wewe njo baba ya hii nyumba, sitaki watu waseme mutoto hana wazee. Lakini mutoto atasema wa kwanza. Mbele hajasema, usipokee kitu, usikunywe kitu, usiseme kitu. Hata jambo ya kuchekesha. Utaweza?”

“Nitaweza.”

“Na tonton?”

Mdogo wangu alisema desturi haiko hivyo. Binti huulizwa mwishoni, kwa heshima, wakati mambo yamekwisha.

“Mimi niliulizwa mwishoni,” binti yangu alimjibu. “Bibi yako anakusalimia?”

Mdogo wangu alikwenda kumsaidia dereva kushusha mizigo; alijua ni ng'ombe gani aliyemlipia mke wake.

Wageni walifika siku ya tatu, kabla ya saa sita, magari mawili, vumbi mpaka kwenye nyusi. Msemaji wao alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia, fundi wa maneno. Alisifu bonde, akasifu mpunga, akasifu Mungu, akasema wameona ua katika bustani hii. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, akasema ukoo wao haukuja mikono mitupu. Ng'ombe kumi wapo, wanene, wanasubiri neno la muzee. Kumi. Nilimsikia mdogo wangu akimeza mate. Walileta kreti za bia na kibuyu cha kasiksi, wakakiweka mbele ya miguu yangu na mrija ndani yake.

Nitasema ukweli mwingine. Niliposikia kumi, kichwa changu kiligawa. Sikutaka, lakini kiligawa chenyewe, haraka, mmoja huku, mmoja kule, kabla sijakikamata. Nina zaidi ya miaka sabini, nilikuwa nimetoka kuungama uani siku tatu kabla, na bado. Nilijichukia pale kitini kuliko siku yoyote tangu ile ya mvua.

“Muzee,” msemaji alisema, “tunangoja sauti yako.”

Niliangalia kibuyu. Sikusema kitu. Watu wa Nguba walianza kutazamana. Kwa desturi yetu mzee akinyamaza mbele ya kibuyu ni tusi.

Mjukuu wangu alitoka ndani. Amefanana na mama yake alipokuwa uani kwangu, ila huyu hakupiga magoti. Alisimama kati ya maman zake wawili.

“Ninamujua huyu kijana,” alisema. “Ninamupenda, na yeye anajua. Lakini bado nina mwaka moja ya shule na stage, mafunzo ya kazi ku hospitali. Nikimaliza, nitasema ndiyo ao hapana. Leo sisemi ndiyo. Na ng'ombe wakae kwenu. Hata moja isije. Siku nikisema hapana, sitaki kukuta mutu ameshakula.”

Msemaji aligeuka kwangu akitabasamu, tabasamu la wanaume wanaojua kwamba mabinti husema na wazee huamua.

“Muzee, umesikia mambo ya vijana. Sasa wewe?”

“Mwenye kusema amesema,” nilijibu.

“Lakini kibuyu, muzee. Tutakirudisha Bukavu?”

“Kirudisheni. Kasiksi ikikaa haiharibiki haraka kama mtu.”

Baba wa kijana alikasirika, wazi kabisa, na nilimwelewa. Kijana mwenyewe, mtu mpole mwenye miwani, alimwambia baba yake kwa sauti ndogo kwamba mwaka mmoja si kitu. Waliondoka kwa heshima, bila kula. Sijui kama watarudi. Shule ya mjukuu ilisimama kwa sababu ya vita vilivyorudi, tunavyovijua wote, barabara ya bonde haipitiki kama zamani, na jibu lake bado hajalitoa. Anaandikiana na kijana. Hayo ni yao.

Siku ile nilikaa kidogo zaidi kitini baada ya magari kuondoka. Binti yangu alikuja kunisaidia kusimama, maana magoti yangu yalikuwa yamekufa ganzi.

“Leo ulinyamaza vizuri, Papa,” alisema.

Nikasubiri aongeze. Hakuongeza. Wingu lilikuwa limetokea upande wa milima, na yule mwanamke mwingine aliita, na binti yangu aliniacha akaenda kushika pembe ya turubai wakusanye mpunga kabla haujalowa. Nilitaka kushika pembe nyingine. Mwanangu alinitangulia, na wote watatu walifanya kazi ile haraka, bila kusemezana, kama watu waliozoea.

Tulipanda teksi. Tulipoanza kupanda Ngomo mdogo wangu aliniuliza, kwa upole, kwamba sasa kwa maoni yangu wale ng'ombe kumi wanaweza kuja lini.

“Hakuna ng'ombe,” nilimwambia.

Baada ya kona mbili aliniuliza tena, safari hii akiwa amepunguza idadi kuwa nane. Nikamwambia tena.